Ada ya Shule ya Nywele

Siku Edah alipopewa makazi ya kudumu Uingereza, hakuwa na mtu wa kumwambia ana kwa ana. Aliusoma ujumbe ule ndani ya basi, akielekea Great Barr kumwogesha bibi mmoja aliyekuwa amekaribia miaka tisini. Akausoma tena, kisha akairudisha simu mfukoni na kutazama nje. Kando yake mwanamume mmoja alikuwa anasinzia na mfuko wa viazi mapajani. Aliposhuka alimwambia dereva asante, kama watu wote wa Birmingham wanavyofanya, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kama mkazi wa kudumu.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwenyeji wa Vihiga, Kenya, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Alikuja kwa kibali kilichomfunga kwa mwajiri mmoja. Ukiacha kazi, ni kama umeiacha nchi. Kwa hiyo kwa miaka mitano alivaa sare yake ya buluu na kuzunguka nyumba hadi nyumba, nusu saa hapa, nusu saa pale, akibadilisha shuka na kupasha supu. Sasa angeweza kufanya kazi yoyote aliyotaka. Wazo hilo lilimfurahisha na kumwogopesha kwa pamoja.

Jioni alimpigia binti yake Ayuma, aliyekuwa chuo kikuu Eldoret. Edah alipoondoka nyumbani Ayuma alikuwa bado sekondari, na mpango ulikuwa amfuate mama yake baada ya mwaka mmoja. Lakini baba ya mtoto, ambaye walikuwa wameachana zamani, alikataa kutia saini. Mwaka ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, na Ayuma akavuka umri ambao mtoto huruhusiwa kumfuata mzazi. Wote wawili walijua kwamba karatasi hizi zimekuja zikiwa zimechelewa, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

"Hongera, Mum," Ayuma alisema. "Umengoja sana."

Kisha akasema ana mtihani kesho asubuhi, wakaagana.

Edah alikuwa amepanga chumba Aston, katika nyumba ambayo wapangaji wengine walikuja na kuondoka kabla hajayashika majina yao vizuri. Siku za mpira, mtaa wake ulijaa maelfu ya watu wakipita chini ya dirisha wakiimba, mabega kwa mabega, halafu baada ya mechi ukabaki na makopo na upepo. Alizoea kusimama dirishani kuwatazama. Mara moja mtu mmoja alimpungia mkono, naye akampungia, na jambo hilo likamkaa kichwani wiki nzima.

Kazi aliyoitamani ilikuwa ya nywele. Kabla ya kuja huku alikuwa na kibanda cha kusuka pale Mbale, Vihiga, na hata kabla ya hapo aliwasuka majirani kwenye veranda ya mama yake. Alichokikumbuka zaidi ni vile watu walivyokaa, vichwa vimeegemea magoti yake, wakimwambia mambo ambayo hawakuwaambia waume zao. Huku aliwachana wazee wake nywele baada ya kuwaogesha na kuwawekea rola, ingawa haikuwa kazi aliyolipwa kufanya. Wengi wao walifumba macho, na yeye akawa anachelewa kwenda nyumba inayofuata.

Basi Jumamosi moja alikwenda kuangalia shule ya nywele na urembo katikati ya mji, shule ya watu binafsi iliyokuwa na siku ya wageni. Msichana aliyewatembeza alikuwa na kucha ndefu za waridi na maneno mengi matamu. Ada ya mwaka ilikuwa zaidi ya pauni elfu tano, bila kuhesabu mikasi, mashine ya kukaushia na kichwa cha plastiki cha kujifunzia. Edah aliuliza wahitimu wanapata mshahara gani. Akaambiwa wapo wanaofanya vizuri sana. Akauliza ni wangapi, na msichana akatabasamu. Akauliza kama wanafundisha nywele za Kiafrika. Wanafundisha, akajibiwa, lakini ni kozi fupi ya pembeni yenye malipo yake.

Njiani kurudi alipiga hesabu. Kwa kuwa masomo yalikuwa ya siku nzima, ingebidi aache shifti zote za katikati ya wiki, na mshahara ambao angeupoteza ulizidi hata ada yenyewe. Angemaliza akiwa na miaka arobaini na mitano, aanze kwenye saluni ya mtu na mshahara wa kima cha chini, ule ule anaolipwa sasa, na pengine kwa saa pungufu za kazi. Kwa maneno mengine, angelipa pesa nyingi ili apate mshahara wake mwenyewe, akiwa amesimama badala ya kuinama.

Mtu pekee ambaye Edah alimweleza hesabu hiyo alikuwa Rajni, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuletwa Uingereza akiwa msichana mdogo. Rajni alikuwa na saluni ndogo Great Barr, ya viti viwili, ambako alikata nywele na kutengeneza nyusi kwa uzi. Siku moja ya mvua alimsikia Edah akiongea Kiswahili kwenye simu kituoni akamwita aingie asiloane. Tangu siku hiyo, Edah alipokuwa na saa tupu kati ya wazee wa asubuhi na wa mchana, alikwenda kukaa pale. Alimwita Mama Rupesh, kwa jina la mwanawe aliyekuwa akifanya kazi London. Kiswahili cha Rajni kilikuwa cha soko la Kisumu, kisichojali ngeli, lakini alikiongea kwa furaha kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kukiongea naye.

Alimsikiliza Edah huku akifagia.

"Hesabu yako iko sawa," alisema, "lakini wewe nasahau kiti. Shule nalipa mara moja, naisha. Kiti nalipa kila wiki, customer iko ama hapana iko." Akaonyesha kiti cha pili, ambacho kilikuwa kitupu tangu msusi aliyekikodi aondoke. "Mwaka ya kwanza mimi nakaa hapa nasoma gazeti tu."

Edah akasema basi ameshapata jibu, aachane na jambo hilo. Rajni aliweka ufagio chini akamtazama.

"Wewe nataka pesa, ama nataka watu?"

Edah aliangalia saa. Mzee wake wa mchana alikuwa anamngoja. Alijifunga skafu akatoka, na kwa miezi kadhaa hakuitaja tena shule.

Mwezi wa Novemba alipigiwa simu na Jairus, mwenyekiti wa kamati ya misiba katika kanisa la Wakenya. Jairus alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapima hata hayo machache. Kulikuwa na dada wa Kisii, muuguzi, aliyekuwa akiishi Selly Oak. Jina lake Kwamboka. Hakuwa ameonekana kazini, na walipokwenda kumtazama chumbani walimkuta amefariki, ni moyo. Mwili ungesafirishwa wiki inayofuata, na mama yake nyumbani alikuwa ametaka jeneza lifunguliwe amwone mtoto wake. Tatizo lilikuwa nywele. Watu wa nyumba ya maiti walisema hawajui wazifanyeje. Jairus alikuwa amewauliza kina dada kadhaa. Baadhi walikuwa kazini, na wengine walisema kweli kwamba wanaogopa.

"Sikulazimishi, dada," alisema. "Lakini nimesikia kwamba zamani ulikuwa msusi."

Edah alimjua Kwamboka, kama kujua ni kumwona mtu. Kanisani walikaa benchi moja, lile la ukutani, kwa karibu miaka miwili. Walisalimiana kila Jumapili. Habari ya wiki? Salama tu, dada, na yako? Salama. Kwamboka alifika wimbo wa kwanza ukiwa umeshaimbwa na kuondoka kabla ya chai. Edah alijua hivyo kwa sababu walitoka pamoja mlangoni, mmoja akaelekea stesheni na mwingine kituo cha basi.

Alimwambia Jairus atakwenda.

Mwanamke aliyewapokea kwenye nyumba ya maiti aliitwa Ranjit, Singasinga wa makamo mwenye sauti ya chini. Jairus alibaki kwenye gari. Ranjit alimpa Edah aproni na glavu, akamwonyesha beseni, kisha akafunua shuka hadi mabegani.

Kwamboka alionekana mdogo kuliko kanisani. Edah alikitazama kichwa chake akaelewa mara moja kilichotokea. Rasta za mbele zilikuwa zimefumuliwa, nywele zake mwenyewe zimesimama ovyo. Za kisogoni zilikuwa bado zimesukwa, zimechakaa, zimeota. Mtu anayejifumua peke yake huanza mbele. Mikono ikichoka kwenda nyuma, hujiambia atamalizia kesho. Edah alilijua jambo hilo vizuri. Ndiyo sababu yeye mwenyewe alikuwa amenyoa na kuvaa wigi. Kisogo chahitaji mtu wa pili.

Ranjit alisema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba alijaribu kuzichana akaacha kwa sababu alikuwa anamuumiza. Edah alisikia alivyosema hivyo, kana kwamba Kwamboka angeweza kuumia, akampenda kwa hilo. Kisha Ranjit akawaacha.

Mwanzoni Edah alifanya kazi kimya. Alifumua rasta zilizobaki, moja moja, akizianzia chini. Akaosha, akakausha kwa taulo, akapaka mafuta. Chumba kilikuwa baridi na taa zake zilikuwa nyeupe mno. Lakini alipoanza kugawa nywele kwa chanuo, mikono ilikumbuka kibanda cha Mbale, na katika kibanda kile hakuna aliyesukwa kimya. Akaanza kuongea. Alimwambia Kwamboka habari za mvua, na jinsi mahubiri ya Jumapili yalivyokuwa marefu. Alimwambia habari za Ayuma. Alimwambia kwamba yeye pia huondoka kabla ya chai, kwa sababu watu wakishaketi kwenye meza zao hajui akae meza ipi. Alisema, "Tungekaa sisi wawili, dada," kisha akagawa mstari mwingine. Alimaliza matuta membamba yaliyorudi nyuma, safi, ya mtu anayekwenda kumwona mama yake.

Ranjit aliporudi alisimama akitazama kwa muda mrefu. Alisema wanapokea familia za Wajamaika, Wakongo, Wanigeria, na kila mara wanahangaika kumpata mtu. Alitoa bahasha. Edah aliikataa, akasema huyu ni wa kanisani kwao. Ranjit akamwambia wangeweza kumwita tena na kumlipa vizuri, ila wakubwa wake wangetaka cheti na bima. Aliandika namba yake ya simu.

Siku chache baada ya mazishi, Jumapili alasiri, simu ya Edah ililia kwa namba ya Kenya asiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno.

"Mimi ni mama ya Kwamboka. Nimepewa namba na mzee wa kanisa. Ni wewe ulisuka mtoto wangu?"

Edah alisema ni yeye, akampa pole. Mama alisema alikuwa amejiandaa kuona kitu kibaya. Watu walikuwa wamemwambia maiti zinazotoka ng'ambo hufika zimebadilika. Lakini alipofunuliwa aliona kichwa kimesukwa kama cha msichana wa shule, akamjua mtoto wake. Edah alisikia kuku nyuma ya sauti ya mama.

"Alikuwa na marafiki huko?"

Edah alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alitafuta jibu ambalo si uongo.

"Tulikuwa tunakaa benchi moja, mama."

"Na ulipokuwa unamsuka, ulimsemesha?"

"Nilimsemesha."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, mama. Mpaka nikamaliza."

Mama alishukuru, akashukuru tena kwa Kikisii, na simu ikakatika. Edah alibaki ameishika. Hakulia sana. Baadaye aliinuka, akapika ugali, akala akiwa amesimama.

Kesho yake alimwambia Rajni kwamba anarudia ile hesabu. Hakuitaka tena shule ya kucha za waridi. Kulikuwa na chuo cha umma chenye kozi ya siku moja kwa wiki, ya miaka miwili. Kwa kuwa sasa alikuwa mkazi wa kudumu na mshahara wake ulikuwa mdogo, sehemu kubwa ya ada angesamehewa. Angeipoteza shifti ya Jumatatu, angenunua vifaa, angelipia bima. Wazee wake angebaki nao siku nyingine. Walikaa pamoja kwenye viti viwili vya saluni, wakaipitia hesabu yote kama watu wanaochambua mchele. Hata kwa njia hii ya bei nafuu, na hata kama Ranjit angemwita mara kwa mara, ingechukua miaka minne au mitano kabla ya senti ya kwanza ya faida.

"Hapana iko biashara kubwa hii," Rajni alisema.

"Najua, Mama Rupesh."

"Sawa. Kama najua, ni sawa." Akamwambia akipata cheti atampa kiti cha pili siku za Jumamosi, nusu kodi kwa miezi mitatu, halafu kodi kamili. Hakutabasamu aliposema hivyo. Edah alimheshimu kwa kutomwonea huruma.

Ayuma naye aliuliza maswali ya mtu anayesoma uhasibu. Pesa zitarudi lini? Na zisiporudi?

"Basi nitakuwa nimelipa," Edah alisema. Kisha, kwa kuwa alitaka binti yake aone jambo lenyewe na si hesabu peke yake, akasema akija likizo Kenya atamsuka mtindo wowote anaotaka.

Ayuma alisema, "Mum, mimi nilinyoa. Tangu Januari."

Edah alikuwa ameona picha zake, zote na kitambaa kichwani, akadhani ni fasheni. Alisema kunyoa kunampendeza. Ayuma akasema asante. Wakaongea mambo ya hali ya hewa.

Chuoni alikuwa mkubwa kuliko wote, na mwalimu wake mmoja alikuwa mdogo kwake. Wasichana wa darasani hawakuwa wabaya; walimwita "Auntie" na kumwomba awashikie simu wapige picha. Wakati wa chakula walitoka kundi zima, naye akabaki na chakula chake cha kopo na vichwa vya plastiki vilivyopangwa kwenye rafu. Alijifunza majina ya dawa, jinsi ya kupima ngozi kabla ya kupaka rangi, na nywele laini zinavyoteleza mkasini. Mara mbili alitaka kuacha, na mara zote mbili ilikuwa majira ya baridi, Jumatatu, gizani kituoni. Hakuacha. Alipata cheti chake mwezi wa Juni.

Ranjit alitimiza neno lake. Humwita mara moja au mbili kwa mwezi, na nyumba nyingine ya maiti imeanza kumwita pia. Edah huenda na machanuo yake, na kila anayemsuka humsemesha, kwa Kiswahili kama familia inatoka upande wetu, na kwa Kiingereza kama sivyo. Jumamosi anakaa kwenye kiti cha pili cha Rajni. Wiki nyingine huja wateja watatu, wiki nyingine mmoja, na zipo Jumamosi anazolipa kodi ya kiti na nauli na kurudi Aston na hasara. Pesa za vifaa bado hazijarudi.

Jumamosi moja ya Februari mteja wake wa pekee alighairi. Rajni aliumwa na goti, akaondoka mapema na kumwachia ufunguo. Edah angeweza kufunga, lakini kiti kilikuwa kimeshalipiwa, kwa hiyo aliosha brashi zilizokuwa safi na kupanga taulo upya. Saa ya kufunga ilipokaribia aliingia mwanamke mmoja aliyeloa mabega, na sare ya usafi wa hospitali chini ya koti. Lafudhi yake ilikuwa ya Kongo.

"Mama, nafasi iko?"

Edah alisema iko. Alimvua koti, akamkalisha, akamuuliza anataka mtindo gani. Mwanamke alisema wowote, bora usimchukue muda wa kuzichana kesho, maana yuko kazini asubuhi na usiku. Edah akaanza kugawa nywele. Alikuwa na mambo ya kuuliza: anaishi mtaa gani, ana watoto, anasali wapi. Kabla hajauliza hata moja, kichwa kile kilimlalia mkononi. Mwanamke alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kama mtu ambaye hajalala siku nyingi.

Edah alikaza mkono wa kushoto ili kichwa kisianguke, akaendelea kusuka kwa mkono wa kulia na vidole viwili vya kushoto, polepole, bila kuvuta. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Basi lake la kurudi Aston lilisimama ng'ambo ya barabara, milango ikafunguka na kufungwa, nalo likaondoka. Alianza tuta jingine.